Bwawa jipya la nyumbani na spa yake: maji yanashuka sentimita 2 kila siku. Ni jua au linavuja?

#1 ZegeMbichi (mleta uzi)
Habari wakuu. Nimejenga bwawa la kuogelea nyuma ya nyumba, urefu mita 8, upana mita 4, kina kinaanzia mita 1.1 kinaishia 1.7. Pembeni nimeunganisha spa, yaani kibwawa kidogo cha maji ya moto, ya mita 2 kwa 2, imeinuka sentimita 40 juu ya bwawa, na maji yake yanamwagikia bwawani kama kijiporomoko. Ni zege la nondo, plasta ya kuzuia maji, juu yake vigae vidogo.

Tumejaza wiki 3 zilizopita. Watoto wana raha, mimi usingizi umekata. Kila asubuhi naweka rula kwenye kigae kile kile, na kila asubuhi maji yameshuka sentimita 2. Fundi anasema ni jua tu, nizoee. Nimeshaongeza maji kwa mpira mara tano. Wenye uzoefu, jua linaweza kunywa maji kiasi hicho?

#2 Pimamaji
Mkuu, tuanze na hesabu. 8 mara 4 ni mita za mraba 32. Sentimita 2 kwenye eneo hilo ni lita 640 kwa siku moja. Bwawa lililo wazi, jua kali, upepo mkavu, hupoteza kama milimita 5 au 6 kwa siku. Siku mbaya kweli zinaweza kufika 8 au 10. Wewe una 20. Linavuja.

#3 KivuliChaMwembe
Pimamaji usikimbilie hukumu. Hapo hujahesabu spa. Maji ya moto yanatoa mvuke mwingi kuliko ya baridi, na kijiporomoko kinayatawanya hewani, upepo unayachukua kirahisi. Mleta uzi, spa unaiweka nyuzi ngapi? Na kijiporomoko kinakimbia saa ngapi kwa siku?

#4 FundiMwiko
Naona fundi mwenzangu keshahukumiwa bila kusikilizwa. Plasta mpya inakunywa maji wakuu, na zege lenyewe linanyonya. Hiyo ni kawaida kwa bwawa jipya. Mwache mtu apumue.

#5 Pimamaji
FundiMwiko, siku za mwanzo nakubali. Wiki 3, lita 640 kila siku? Hiyo ni zaidi ya lita 13,000. Hilo zege lingeshakuwa sifongo.

#6 MamaPacha
Acheni kubishana, mpeni kipimo cha ndoo. Kiliniokoa mimi.

Chukua ndoo, ijaze maji ya bwawa hilo hilo, iweke juu ya ngazi ya bwawa ili sehemu kubwa iwe ndani ya maji. Tia jiwe ndani isielee. Sawazisha maji ya ndani ya ndoo na ya nje yawe usawa mmoja, halafu chora alama mbili kwa penseli, moja ndani ya ndoo, nyingine nje. Acha saa 24. Jua na upepo vinakula pande zote mbili sawasawa. Nje ikishuka kuliko ndani, hiyo tofauti ndiyo uvujaji. Usiiweke ndoo sakafuni pembeni, itapata joto lake peke yake na itakudanganya.

Fanya mara mbili: siku moja pampu ikifanya kazi, siku nyingine imezimwa.

#7 ZegeMbichi
Asante mama. Naanza leo saa 12 jioni. KivuliChaMwembe, spa iko nyuzi 38, kijiporomoko kinakwenda muda wote pampu inapofanya kazi, kama saa 8.

#8 BambaTatu
Jamani jibu liko mbele ya macho. Spa imeinuka juu ya bwawa. Pampu ikizimwa usiku, vali ya kuzuia maji kurudi ikiwa mbovu, spa inajimwaga taratibu kupitia mabomba. Asubuhi unakuta maji yamepungua. Badilisha vali, kazi imekwisha.

#9 Pimamaji
BambaTatu, fikiria yanakwenda wapi. Yanarudi bwawani! Spa ya mita za mraba 4 ikishuka sentimita 20, ni lita 800. Zikiingia kwenye mita za mraba 32, bwawa linapanda sentimita 2 na nusu. Yeye bwawa linashuka.

#10 BambaTatu
Hapo nimekosea, umenisahihisha vizuri. Ila swali linabaki: anapima pampu ikiwa imewaka au imezima? Maana kama spa inajimwaga usiku na kujazwa asubuhi, rula inaweza kumpa jibu lolote.

#11 MwalimuWaKuelea
Samahani natoka kidogo nje ya mada, ila siwezi kupita kimya. Umesema una watoto. Je, bwawa lina uzio? Nafundisha watoto kuogelea, na jambo ambalo wazazi wengi hawalijui ni kwamba mtoto anayezama hapigi kelele. Hapungi mkono. Mdomo uko usawa wa maji, anatafuta hewa, hana pumzi ya kuita. Unaweza kuwa umekaa mita 5 kutoka kwake unaongea na simu.

Uzio uzunguke pande zote 4, kimo kisipungue mita 1.2, lango lijifunge lenyewe na kitasa kiwe juu asikofika mtoto. Ukuta wa nyumba wenye mlango wa kutokea bwawani usiuhesabu kama uzio.

La pili: matundu ya kunyonya maji chini ya spa ni mangapi?

#12 ZegeMbichi
Mwalimu umenishtua. Uzio uko pande 3, wa nne ni ukuta wa nyumba, na una mlango wa jikoni. Spa ina tundu moja tu katikati ya sakafu. Mfuniko wake ni bapa.

#13 MwalimuWaKuelea
Nakuomba, zima spa leo. Kabla ya ndoo, kabla ya kitu kingine chochote. Tundu moja lenye mfuniko bapa likizibwa na mgongo au tumbo la mtoto, pampu yote inamvuta yeye. Mtu mzima mwenye nguvu anaweza kushindwa kumtoa kabla pampu haijazimwa. Na nywele ndefu zinanasa. Marekani walipitisha sheria ya Virginia Graeme Baker mwaka 2007 kwa sababu ya vifo vya namna hii. Imebeba jina la mtoto aliyenaswa kwenye spa.

Yanatakiwa matundu mawili yaliyo mbali, kama mita moja kati yao, yameungana kwenye bomba moja, ili moja likizibwa lingine linyonye. Mifuniko iwe ya mgongo uliobinuka, imefungwa kwa skrubu. Na swichi ya kuzima pampu iwe karibu na spa, mahali ambapo hata mgeni ataiona.

#14 ZegeMbichi
Nimezima. Nimefunga koki ya tundu la sakafu, pampu itanyonya kwa skima ya bwawa peke yake, ule mdomo wa ukutani unaovuta maji ya juu. Mlango wa jikoni nimeufunga kwa komeo la juu mpaka uzio wa nne utakapokamilika. Asante mwalimu, kwa dhati kabisa.

#15 Chemichemi
Swali dogo wakati tunasubiri ndoo: spa na jakuzi ni kitu kimoja?

#16 KivuliChaMwembe
Jacuzzi ni jina la ukoo. Ndugu waliotoka Italia wakahamia California, wakawa watengenezaji wa pampu. Mtoto wa Candido Jacuzzi alikuwa na ugonjwa wa baridi yabisi, na katika miaka ya 1950 familia ikatengeneza pampu ya kuweka ndani ya beseni la kuogea ili maji yamkande viungo. Mwaka 1968 Roy Jacuzzi akaweka vifaa vyote ndani ya beseni lenyewe. Sisi tumelichukua jina tukaliita kila beseni linalotoa mapovu.

#17 KijanaWaFilta
Hakuna aliyetaja vali ya filta! Ile yenye mkono wa kuzungusha, ya kuchuja, kuosha mchanga na kumwaga. Ndani kuna mpira wenye umbo kama matairi ya gurudumu la baiskeli. Ukikatika au ukiingiwa na chembe ya mchanga, maji yanapita kimya kimya kwenda kwenye bomba la maji machafu. Kama bomba hilo limeingia ardhini moja kwa moja, huoni hata tone. Nilihangaika na bwawa la mteja miezi miwili kwa kitu kama hiki. Mleta uzi, bomba lako la maji machafu linaishia wapi?

#18 Chemichemi
Matairi ya gurudumu la baiskeli? Nadhani ulitaka kusema spoku.

#19 KijanaWaFilta
Spoku, ndiyo. Asante. Vidole vinatangulia kichwa.

#20 ZegeMbichi
Majibu ya ndoo haya hapa.
Siku ya kwanza, pampu imewaka saa 24 na kijiporomoko kinakwenda: ndoo imeshuka milimita 6, bwawa 21.
Siku ya pili, pampu imezimwa: ndoo 6, bwawa 14.
Spa yenyewe pampu ikizimwa haishuki hata upana wa kidole.
KijanaWaFilta, bomba la maji machafu limefukiwa, linaishia kwenye shimo la mawe.

#21 Pimamaji
Basi jua limeshatolewa kesini. Pampu ikiwa imezimwa una milimita 8 zisizo za jua, sawa na lita 256 kwa siku. Pampu ikiwaka zinakuwa 15.

#22 FundiMwiko
Nasoma nambari, na nimelegeza msimamo wangu. Linavuja. Ila tafsiri inayojulikana kwa mafundi ni hii: likipoteza zaidi pampu ikiwaka, tafuta bomba la upande wa kusukuma maji. Likipoteza zaidi pampu ikizimwa, tafuta upande wa kunyonya. Hapa bomba la kurudisha maji lina ufa, au jointi haikushika gundi. Bwawa lenyewe ni zima.

#23 MamaPacha
Na zile 8 za pampu ikiwa imezimwa, zinatoka wapi kama bwawa ni zima?

#24 FundiMwiko
Bomba lililopasuka linavuja hata pampu ikilala, mama. Maji ya bwawa yanalisukuma kwa uzito wake. Pampu inaongeza kasi tu.

#25 KivuliChaMwembe
Mimi bado niko kwenye kijiporomoko. Ile 7 iliyoongezeka si lazima iwe bomba. Ndoo haikuwa na kijiporomoko ndani yake! Ndoo inapima mvuke wa maji yaliyotulia, haipimi maji yanayorushwa. Rudia pampu ikiwaka lakini maji yasipite spa.

#26 KijanaWaFilta
Na pampu ikiwaka ndipo vali yangu inapovujisha kwa shinikizo. Fukua mwisho wa lile bomba la maji machafu. Nusu saa ya jembe.

#27 Zegezito
Ngojeni niulize la ujenzi. Sakafu na kuta mlimwaga zege siku moja? Kati yake mliweka ukanda wa mpira wa kuzuia maji?

#28 ZegeMbichi
Sakafu tulimwaga kwanza, kuta zikafuata baada ya siku 9. Ukanda sikumbuki kuuona. Zege tulilimwagilia siku 4, kisha maji yakakatika.

#29 Zegezito
Hapo ndipo moyo wangu ulipo. Zege jipya halishikani vizuri na lililokwisha kukauka, na mahali pale sakafu inapokutana na ukuta ndipo shinikizo la maji ni kubwa kuliko kote. Bila ukanda, plasta peke yake ndiyo inayobeba kazi. Na kumwagilia siku 4 ni kidogo. Siku 7 ndiyo kiwango cha chini kwangu, na nguvu ya zege inapimwa siku ya 28. Mlijaza baada ya muda gani?

Ndiyo maana napenda zege la kupulizia kwa bomba, sakafu na kuta zinakuwa kitu kimoja. Mashine ya kwanza ya namna hiyo aliibuni Carl Akeley, mtu aliyekuwa akitengeneza wanyama wa maonyesho kwenye makumbusho huko Chicago. Hati yake ya ubunifu ilitoka mwaka 1911.

#30 ZegeMbichi
Tulijaza siku ya 30 baada ya kuta. Wakuu, kipimo cha tatu kimeharibika. Mvua ilinyesha usiku, ndoo imefurika. Narudia keshokutwa.

#31 Kibororo
Kwa nini mnajitesa? Toa maji yote, piga plasta upya ndani, jaza. Siku 10 umemaliza.

#32 Mchimbamchanga
Kibororo, TAFADHALI. Mleta uzi, usitoe maji wakati wa mvua kabla hujajua maji ya ardhini yako kina gani. Naandika kwa sababu yalinikuta.

Nilitoa maji asubuhi ili nisugue vigae. Siku tatu kabla ilikuwa mvua tupu. Saa 10 alasiri nilisikia mlio kama mti unaopasuka. Nikatoka. Ukingo wa upande wa kina kirefu ulikuwa umepanda juu ya sakafu ya nje, nikaweza kuingiza mkono mzima chini yake, na ndani kulikuwa na matope yanayosogea. Bwawa tupu ni mtumbwi. Udongo ukijaa maji, unaliinua. Mabomba yote yalikatika. Halikurudi chini tena, tulilivunja.

Kama kuna vali ya kupunguza shinikizo chini ya sakafu, afadhali. Kama hakuna, chimba shimo la kipimo pembeni uone maji yako wapi kwanza.

#33 Kibororo
Pole sana mkuu. Nafuta ushauri wangu. Sikujua.

#34 MamaPacha
Mimi kwangu ilikuwa taa. Waya wa taa ya chini ya maji unapita ndani ya bomba la plastiki, na lile tundu waya unapoingilia halikuzibwa. Maji yanaingia humo yanatembea mpaka nje. Zima pampu, ngoja maji yatulie kabisa, zima na umeme wa taa kwenye swichi kuu. Vuta rangi nyekundu kwenye bomba la sindano isiyo na sindano, itoe polepole karibu na taa. Kama kuna mfyonzo, utaona.

Na hakikisha hiyo taa iko kwenye kikatishi cha kuzuia mshtuko cha miliampea 30. Hili si la kujadili.

#35 ZegeMbichi
Nimefanya sasa hivi. Kikatishi kipo, nimekijaribu kinakata. Nimezama na miwani. Rangi ilitoka kama uzi, ikasimama wima mbele ya kingo ya taa, nikahesabu mpaka 6 haijasogea. Halafu ncha ya chini ikapinda, ikaingia nyuma ya taa upande wa kushoto, juu waya unapopita. Polepole sana. Nilirudia mara 3: mara 2 imeingia, mara moja imepanda juu tu.

#36 MamaPacha
Ndiyo hiyo! Ziba tundu la waya kwa gundi ya kuzibia inayokauka ndani ya maji.

#37 Zegezito
Mara 2 kati ya 3, na yeye mwenyewe yuko majini anapumua na kusogeza mikono. Mimi sijashawishika. Tia rangi hiyo hiyo kwenye pembe ya sakafu na ukuta, zunguka bwawa zima.

#38 Pimamaji
Kuna kipimo cha bure. Usiongeze maji. Yaache yashuke, uone yanasimama wapi. Yakisimama chini ya mdomo wa skima, ni skima. Yakisimama usawa wa taa, ni taa. Yakiendelea kushuka hata chini ya taa, Zegezito ana hoja. Ila pampu uizime kabla maji hayajashuka chini ya skima, isije ikavuta hewa ikaungua. Na kwa yale ya #32, usiruhusu yashuke sana.

#39 DawaYaMaji
Wote mmesahau jambo moja. Kila anapoongeza maji, anazimua dawa. Mkuu, klorini na pH (kipimo cha uchachu wa maji) zikoje? Kwenye bwawa klorini huru, ile ambayo bado ina nguvu ya kuua vijidudu, iwe kati ya miligramu 1 na 3 kwa lita, kwenye spa kati ya 3 na 5, pH kati ya 7.2 na 7.8. pH ikishuka sana maji yanaanza kula saruji kati ya vigae, na hapo utapata uvujaji mpya juu ya ule wa zamani.

#40 ZegeMbichi
Klorini imesoma 0.5. pH 7.9. Lakini harufu ya klorini ni kali, nilidhani imezidi.

#41 DawaYaMaji
Harufu kali maana yake klorini imechoka, mkuu. Imeshikana na jasho na mkojo, imebaki kuwa harufu bila nguvu ya kuua vijidudu. Ongeza. Na kwenye spa ndipo uwe mkali zaidi, maji ya uvuguvugu ndiyo bakteria wa Legionella wanayoyapenda, na wale wanaoleta vipele vyekundu chini ya nguo ya kuogelea. Dawa unaitia kwenye maji, kamwe usimwage maji juu ya dawa. Na aina mbili za klorini zisikutane ndoo moja hata siku moja, zinaweza kulipuka.

#42 ZegeMbichi
Kipimo cha tatu, wakuu. Pampu imewaka saa 24, spa imefungwa, kijiporomoko hakuna. Kulikuwa na mawingu. Ndoo 4, bwawa 15.

#43 KivuliChaMwembe
Tofauti 11. Na kijiporomoko ilikuwa 15. Milimita 4 ni za kijiporomoko, nilisema.

#44 FundiMwiko
Na 11 dhidi ya 8 za pampu ikiwa imezimwa? Milimita 3 za bomba, nilisema.

#45 Zegezito
Na 8 ambazo zipo hata kila kitu kikizimwa?

#46 Pimamaji
Ndugu zangu, mnapima kwa rula na alama ya penseli, kila kipimo kinaweza kukosea milimita 1 au 2. Hizo 3 za FundiMwiko zinaweza kuwa si kitu. Hata 4 za KivuliChaMwembe sizitegemei sana. 8 ndizo ninazoziamini.

#47 KijanaWaFilta
Bomba la maji machafu bado halijafukuliwa.

#48 ZegeMbichi
Limefukuliwa leo asubuhi. Mwisho wake una unyevu, mawe ya juu ni meusi, ila hakuna maji yanayotiririka. Na mvua ilinyesha juzi, kwa hiyo sijui niseme ni ya vali au ya mbinguni. Nimefunga mfuko wa plastiki kwenye mdomo wa bomba, kama kuna kitu kitajikusanya humo.

Tundu la waya wa taa nimeliziba. Pembe za sakafu nimezungushia rangi upande wa kina kifupi, haikuvutwa popote. Upande wa kina kirefu bado, pumzi hainitoshi, kijana wa jirani atanisaidia Jumamosi.

Uzio wa nne umesimama jana, mwalimu. Lango linajifunga. Matundu ya spa yatakatwa upya kabla haijawashwa.

Pampu nimeizima. Sasa ni saa 12 jioni, maji yamo milimita 4 chini ya mdomo wa skima, ndoo iko kwenye ngazi, alama mbili zimechorwa. Kesho saa 12 nitaleta nambari.

#49 FundiMwiko
Tunasubiri mkuu. Mimi nasema bomba.

#50 MamaPacha
Taa.